Wito wa Boti Kutoka Kusikokaa Mtu

Ombi la kwanza liliingia adhuhuri, jua likiwa utosini. Liliandikwa kama maombi yote ya wanawake wa delta wanaoita boti kwa tovuti ya kituo cha afya: mzazi mmoja, uchungu umeanza, njooni upesi. Mahali palipotajwa ni kijisiwa cha mikoko mbele ya Maparoni. Kheri, nahodha wa boti ya kituo, akaondoka Nyamisati, akaenda, akazunguka, akarudi na matope hadi magotini. Akampigia Zamda simu ofisini Kibiti, akamwambia pale hakai mtu, labda kaa ndio walioshikwa na uchungu.

Zamda alicheka. Kisha akatazama orodha tena, kicheko kikamkauka. Nafasi ya namba ya simu ilikuwa tupu, na tovuti ile haipokei ombi lisilo na namba. Alijua, maana aliisimamisha yeye mwenyewe miaka tisa nyuma, kwa elimu ya kozi ya miezi mitatu na dua nyingi.

Hayo yalikuwa kabla ya Yasmini. Yasmini alikuja na stashahada na sauti ya upole, na mwezi haukuisha mkuu wa kituo akaanza kumwita fundi wetu, jina ambalo lilikuwa la Zamda. Kheri akileta samaki, alileta mafungu mawili, na kubwa ni la Yasmini. Zamda aliona haya kumwambia mtu kwamba fungu la samaki limemnyima usingizi. Lakini lilimnyima. Alikuwa mtu wa swala tano, na katikati ya rakaa alijikuta akiwaza vidole vya mwenzake vinavyokimbia juu ya kibodi.

Kazi ya kuilinda seva, ile kompyuta inayowapokea wote wanaofungua tovuti, ilikuwa sasa ya Yasmini. Ila barua za watengenezaji wa programu ziliendelea kuingia kwa Zamda, naye humpelekea. Siku moja ikaja barua nzito: limeonekana tundu katika programu ya seva, yeyote aweza kupenya bila nywila, wekeni kiraka cha kuliziba leo leo. Zamda aliisoma mara mbili. Akawaza, pakiingiliwa, atakayeulizwa ni fundi wao. Akaifuta. Magharibi ile, nyumbani kwake, alifunga milango na kufunika mitungi kwa Bismillahi kama alivyofunzwa na mama yake, asije akaingia asiyealikwa.

Maombi ya kisiwani yalianza wiki ile ile, kila siku saa ile ile, na boti ikabidi iende kila mara, asije akawa mzazi wa kweli. Yasmini akaulizwa, akalaumiwa, akalia chooni. Na Zamda, Mungu amsamehe, alisikia raha kama mtu anayekunwa mgongo.

Siku ya kumi na tisa, boti ikiwa mikokoni inamtafuta asiyekuwapo, mzazi wa kweli, Mwanahawa wa Maparoni, alisubiri kwa muda wa saa tatu. Alijifungulia kwenye mkeka wa jirani, na mtoto akakawia kulia. Alilia, alhamdulillahi. Lakini mkuu wa kituo alisema mwingine akicheleweshwa hivyo hatalia.

Kesho yake Yasmini akaapa kukaa na seva adhuhuri nzima aone mwenyewe. Zamda alisimama mlangoni. Feni ya mashine ilikuwa ikivuma kama kawaida, kisha ikaanza kuvuta na kutoa, kuvuta na kutoa, kama kifua cha mtu aliyelala, na chumba ambacho hakina hata dirisha kikajaa harufu ya matope ya mikoko yaliyochanganywa na udi, na kwenye kioo maombi yakaanza kuteremka, mstari chini ya mstari, kumi, hamsini, mia, yote hayana namba, hata Yasmini akanyoosha kidole na kunong'ona, "Dada Zamda, mbona wazazi wote hawa wana jina lako?" kabla macho yake hayajageuka meupe na mwili wake kuteleza kitini.

Wakamwita Bi Salima, mwalimu wa chuo cha Kurani, mwanamke mnene asiye na haraka, aliyevua viatu na kuuliza kwanza kama mgonjwa amekula. Akaanza kusoma. Aya ya tatu haijaisha, sauti nzito ikatoka kinywani mwa Yasmini.

"Huyu mnamwonea bure. Nimemkalia tu. Mwenyeji wangu yule, aliye mlangoni."

Bi Salima hakugeuka. "Mwanangu Zamda," alisema polepole, "kompyuta sijui hata kuiwasha. Lakini mlango naujua. Upi mliuacha wazi?"

Mkuu wa kituo alikuwapo. Kheri alikuwapo. Zamda aliwatazama, akamtazama yule binti anayetweta sakafuni, midomo ikimgeuka rangi.

"Barua niliiona," alisema. "Nikaifuta. Nilitaka aaibike yeye."

Akaketi kwenye seva, akaanza kupakua kiraka, na mtandao wa Kibiti siku ile ulijivuta, asilimia nne, asilimia tisa, Bi Salima anasoma, sauti inabembeleza, inatukana, inalia kama mtoto mchanga, mpaka mstari ulipofika mwisho, mashine ikajizima na kujiwasha, na Yasmini akapiga chafya, akaomba maji.

Maombi ya kisiwani hayakurudi tena.

Baada ya wiki Yasmini alisimama mbele ya wafanyakazi wote akasema amemsamehe dada yake, kwa ajili ya Allah. Watu walifuta machozi. Mkuu wa kituo akasema moyo kama ule hajauona tangu azaliwe, na Kheri akaitikia, kweli kabisa. Zamda naye aliitikia. Hata msamaha ulikuwa wa Yasmini.

Akaenda kuswali adhuhuri peke yake chumba cha nyuma. Akatoa salamu kulia, kimya. Akatoa salamu kushoto, na pumzi ya uvuguvugu ikamgusa shavu.

"Waalaykumu salaam, somo," ikasema ile sauti nzito.

Audhubillahi ya kumfukuza shetani aliijua tangu utotoni. Hakuisema. Alisogea kidogo pembeni ya mswala, akampisha.