Kodi ya Éliakim

Asubuhi Butembo huwa na baridi. Katika mtaa mmoja wa komini ya Kimemi, wanawake hufika kwenye bomba la maji wamejifunga vitenge viwili, kimoja kiunoni na kingine mabegani. Wanapanga bidoni zao za maji. Wanaulizana bei ya maharagwe, homa za watoto na hali ya barabara ya Beni. Habari zote za mtaa hupikwa hapo, na hupakuliwa hapo hapo.

Kyakimwa akifika, mazungumzo yanakatika. Hakuna anayemtukana wala kumsukuma. Wanampa nafasi kubwa kuliko anayohitaji, kisha wanayatazama maji. Ukimya wa namna hiyo unauma kuliko tusi, maana tusi unaweza kulijibu.

Kyakimwa ni mjane. Alitoka kijiji kilicho karibu na Kanyabayonga, vita ilipofika huko. Mume wake aliugua njiani akafa. Binti yao, Précieuse, anaishi Beni kwa dada ya Kyakimwa. Hapa Butembo hana ndugu hata mmoja. Alianza kwa kuuza ndizi, mtaji ukaisha. Ndipo akapata chumba nyuma ya baa ya Éliakim, pamoja na kazi ambayo mtaa mzima unaijua na hakuna anayeitaja. Anauza mwili wake. Tuseme wazi, maana tukizungukazunguka hadithi hii haitamsaidia mtu.

Wakatoliki wa mtaa huo wana shirika lao. Wiki hii wanasali katika nyumba hii, wiki ijayo katika nyumba ya jirani, mpaka wazunguke mtaa wote. Wakifika mlango wa Kyakimwa, wanauruka. Yeye husikia nyimbo kupitia ukuta wa mbao, naye huimba sauti ya pili kwa chini, peke yake.

Éliakim ana wanawake wanne katika vyumba vyake. Kila Ijumaa hupita mlango kwa mlango na kuchukua nusu ya walichopata.

"Hii haiko yangu," husema. "Ni taxe ya Leta. Mwenye kulipa, iko en ordre. Mwenye hapana lipa, polisi ikikuja, miye simujue."

Wanawake wale waliamini kwamba ni kodi ya serikali, wala hawakuwa wajinga. Mjini Butembo kila anayetafuta riziki analipa kitu. Muuza nyanya analipa nafasi yake sokoni. Mwenye pikipiki analipa. Hata anayesukuma mzigo kwenye kizuizi cha barabara analipa. Kwa nini basi wao wasilipe? Kwa hiyo walilipa, na polisi walipokuja, wanawake wale walisema kwamba Éliakim ni mwenye nyumba tu. Walimficha kama mtu anavyomficha mzazi wake.

Wiki moja Kyakimwa alishikwa na malaria. Ijumaa ilipofika hakuwa na kitu.

"Sawa," Éliakim alimwambia. "Wiki hii hauko en ordre. Ukipata matata, hapana taja jina yangu."

Kesho yake mchana akaja mteja, mfanyabiashara mpita njia. Walikubaliana atumie kondomu. Mlango ulipofungwa akakataa. Kyakimwa akamwambia aondoke. Yule mtu alimpiga usoni, akamwingilia kwa nguvu, kisha akaenda zake.

Kyakimwa alimfuata Éliakim akilia. Éliakim hakuacha hata kupanga chupa zake.

"Ulilipa taxe? Hapana. Sasa utaenda kwa polisi kusema nini? Batakufunga weye. Mutu anajiuzisha, nani ataitika kama balimubaka? Enda, koga, lala."

Alikwenda, akaoga, akafua nguo, akafunga mlango. Jumapili alimpigia dada yake simu. Précieuse ndiye aliyepokea.

"Mama, unakuja lini?"

"Bientôt, karibuni," Kyakimwa alijibu, akakata kabla sauti haijamsaliti. Alikaa na simu mkononi. Katika mji ule mzima hakuwa na mtu mwingine wa kumpigia.

Jumatatu hakwenda bombani. Wanawake waliona nafasi yake tupu na hawakuuliza. Mmoja tu aliuliza, Bénie, anayeishi nyumba ya nyuma. Bénie hufanya kazi katika kituo cha afya. Huwapokea watu waliopatwa na maumivu ya mwili na ya moyo, huwasikiliza, na huwaonyesha njia. Hakujibiwa. Akaacha bidoni zake zikijaa, akaenda kupiga hodi.

"Mama Précieuse, ni miye Bénie, jirani ya nyuma. Sikukuona ku maji."

"Niko na malaria."

"Pole. Umekunywa dawa?"

Mlango haukufunguliwa.

"Sawa, mama. Nitaikala hapa inje kidogo."

Akageuza ndoo akaikalia. Hakugonga tena. Baada ya muda mlango ukafunguka nusu. Jicho moja la Kyakimwa lilikuwa limevimba, na mdomo umepasuka.

"Nani alifanya hivi?" Bénie aliuliza polepole.

"Ni makosa yangu. Wiki hii sikulipa taxe."

"Taxe gani?"

Kyakimwa akamweleza. Alieleza Ijumaa za Éliakim, kisha yule mteja, kisha maneno ya Éliakim. Bénie alisikiliza mpaka mwisho. Hasira ilimpanda, lakini aliimeza, kwa sababu aliyekuwa mbele yake hakuhitaji hasira.

"Mama, sikiliya muzuri," alisema. "Ile taxe haiko. Leta haina taxe ya vile, na haitoake ruhusa ya vile. Éliakim anakudanganya."

"Mais polisi ikikuja, siye njo inashika. Yeye haimugusake."

"Polisi mwenye kufanya vile anavunja sheria. Mwanamuke mukubwa akiuza mwili wake, sheria yetu haiseme afungwe juu ya ile tu. Haimusifu, mais haimufunge. Mwenye inafunga ni ule mwenye anamuuzisha, mwenye anaweka nyumba ya ile kazi, mwenye anakula franga yake. Hata kama mwanamuke aliitika. Mu sheria banamuita proxénète."

"Éliakim?"

"Éliakim."

Kyakimwa akakaa chini kizingitini. Muda wote huo alikuwa akimlipa mtu ambaye sheria ilikuwa ikimtafuta.

"Donc miye naweza fanya yote?" aliuliza.

"Hapana. Mambo ya haya mbele ya batu, sheria inakataza. Na mutoto hajafika myaka kumi na munane, mwenye kumuingiza mu ile kazi, na mwenye kumuendea, bote batafungwa. Hata mutoto aseme ameitika."

Kisha Kyakimwa akauliza kwa sauti ndogo lile lililomkaba tangu Jumamosi.

"Na ule mwanaume? Alikuwa client. Nilimuitikia kwanza."

"Ulimuitikia nini?"

"Na capote. Alikatala. Nikamuambia atoke."

"Donc alikubaka. Uliitika kintu moja, yeye akafanya ingine kwa nguvu. Sheria ya viol haiulize mwanamuke anafanyaka kazi gani. Bibi ya mutu, masœur wa kanisa, weye, miye, ni sawasawa. Ilikuwa siku gani?"

"Siku ya posho, muchana."

Bénie akahesabu kimoyomoyo. Jumamosi mchana, na sasa ilikuwa Jumatatu asubuhi.

"Vaa viatu. Kuko dawa ya kukinga SIDA, ile UKIMWI, mais inaanzaka mbele ya siku tatu kuisha. Na ingine ya kukinga mimba. Kila saa inapita, nguvu yake inapunguka."

"Nilisha koga. Nilifua nguo."

"Ungeleta nguo bila kufua, ingesaidia ku tribunal. Mais dawa haiangalie ile. Tuende vile uko."

"Batu bataniona na weye."

"Acha banione."

Wakapanda pikipiki moja, dereva mbele, Kyakimwa katikati, Bénie nyuma amemshika mabega. Walipita mbele ya bomba. Hakuna aliyesema neno.

Kituoni, muuguzi hakumuuliza kazi yake. Aliuliza kilichotokea na mahali panapouma. Alimpima damu. Alimpa vidonge vya kunywa kila siku kwa wiki nne, bila kuruka hata siku moja. Alimpa pia dawa ya kuzuia mimba na ya magonjwa mengine. Hakumtoza kitu. Daktari akaandika majeraha aliyoyaona, ili Kyakimwa akitaka kushtaki, awe na ushahidi.

"Lazima nishitaki?" Kyakimwa aliuliza.

"Hapana lazima," Bénie alimjibu. "Dawa utapata hata usiposhitaki. Ile ni weye utachagua."

Habari haikuchelewa kufika barazani kwa Éliakim. Jioni ile ile Kanyere, mwanamke wa chumba cha pili, alisimama mlangoni kwa Kyakimwa. Kanyere alikuwa amekaa pale muda mrefu kuliko wote, na ndiye pekee aliyemletea uji wakati wa malaria.

"Banasema utaenda ku polisi."

"Nafikiri."

"Ukitaja Éliakim, nyumba itafungwa. Siye tutalala wapi? Weye njo utatulisha?"

Swali lilikuwa la haki.

"Nilikuwa nakuita dada," Kanyere alisema, akaenda.

Tangu hapo hata wale watatu waliacha kumsalimia. Bombani palikuwa kimya, na sasa uani pia. Kyakimwa alikunywa vidonge vyake, vikamtia kichefuchefu, akalala akitazama mabati. Alijiuliza kama haki ina maana yoyote kwa mtu asiye na wa kumsemesha. Ilikuwa rahisi kunyamaza. Angerudi kulipa Ijumaa, Kanyere angerudi kumwita dada.

Lakini alikumbuka Éliakim akipanga chupa. Hakugeuka hata kumtazama. Siku ya tatu Kyakimwa akamwambia Bénie, "Nipeleke."

Kuna polisi waliofundishwa kuwapokea wanawake na watoto. Ofisa aliyewapokea aliitwa Yolande, aliyeletwa kazini kutoka Kasai. Kiswahili chake kilikuwa kimechanganyika na Lingala, lakini kiti alikitoa mwenyewe.

"Vanda, mama. Ikala. Sema pole pole, miye niko naandika."

Kyakimwa akasema juu ya mteja. Kisha Yolande akauliza, "Ile nyumba, chef yake ni nani? Nani anakamataka franga?"

Kyakimwa akamtazama Bénie. Bénie hakumsaidia, maana jibu hilo halikuwa lake.

"Éliakim," Kyakimwa akasema. "Nusu, kila siku ya tano, ile Ijumaa. Anasemaka ni ya Leta."

Yolande akaacha kuandika, akamtazama. "Leta? Leta gani?" Akatikisa kichwa, akaendelea kuandika.

Éliakim alikamatwa. Vyumba vilifungwa na wanawake wakatawanyika. Ndugu za Éliakim walimwendea Kyakimwa na mbuzi, wamalize mambo kienyeji. Akawaambia kesi iko mikononi mwa sheria, wamrudishe mbuzi wao. Yule mteja hajapatikana hadi leo, na Kyakimwa bado hugeuka akisikia sauti inayofanana na yake.

Hadithi nyingine zingesema aliacha kazi ile siku hiyo hiyo. Hakuacha. Tumbo halijui tarehe ya kubadilisha maisha. Alipanga chumba kidogo upande mwingine wa Kimemi, akaendelea kwa muda, ila sasa bila bwana, bila Ijumaa, na asiyetaka kondomu hakuvuka mlango. Bénie alimwingiza katika kundi la akina mama wanaochanga pesa na kupeana kwa zamu. Zamu yake ilipofika alinunua karai na unga, akaanza kukaanga maandazi. Taratibu maandazi yakaishinda kazi ile.

Baada ya miezi mitatu alipimwa tena. Hakuwa na virusi. Alitoka kituoni na habari njema kifuani, na Bénie siku hiyo alikuwa ametumwa kikazi mji mdogo wa Mangina. Akatembea hadi nyumbani, akawapita watu wengi, bila kumwambia yeyote. Mwishowe akapiga simu Beni.

"Précieuse, niko muzima."

"Kwani ulikuwa mugonjwa?"

"Kidogo," akasema, akalia kwa furaha na upweke pamoja.

Siku ya mahakama alifika mapema. Bénie alikuwa bado hajarudi kutoka Mangina. Watu wa Éliakim walijaa benchi mbili, kaka, shemeji na marafiki wa baa. Benchi ya Kyakimwa ilikuwa yake mwenyewe. Alijua watakachosema. Éliakim ni mwenye nyumba tu, na huyu ni ndumba, malaya mwenye kisirani. Neno lake moja dhidi ya maneno yao yote.

Mtu akaketi mwisho wa benchi. Alikuwa Kanyere, amekonda, kitenge kimepauka. Hawakusalimiana.

"Nilienda Beni," Kanyere alisema, akitazama sakafu. "Nikapata nyumba ingine kama ile. Na kule bwana alikuwa anakamata nusu. Na kule alisema ni ya Leta."

Kyakimwa akamgeukia.

"Éliakim alituma mutu," Kanyere akaendelea. "Anataka niseme alikuwa bailleur tu, mwenye nyumba. Alinipa franga ya gari ya kunileta."

"Utasema nini?"

Kanyere alisogea, akasogea tena, hadi bega lake likagusa la Kyakimwa.

"Gari yake imenileta," akasema. "Mais kinywa ni yangu."

Karani akafungua mlango wa chumba cha kesi, akaita jina la Kyakimwa. Wakasimama wawili.