Nilimtoa Mzee wa Mgeta Kwenye Grupu

Petroli nilimwaga mimi. Kiberiti nilishika mimi.

"Shakila, acha! Umerogwa?!"

Huyo alikuwa Irene, rafiki yangu wa miaka kumi na miwili. Alinikamata mkono, nami nikamsukuma. Akaanguka mchangani mbele za watu, mbele ya simu sita zilizokuwa zinarusha laivu...

Nikawasha!

Fulana arobaini na mbili zikashika moto pale Kihonda, Morogoro, Jumamosi saa tisa mchana. Fulana nyeusi zenye maandishi RADI KAVU. Nilizikata mwenyewe, nikazishona mwenyewe.

"Bendi imekufa!" Godlisten akapiga kelele. "Leo tunazika!"

Watu wakashangilia. Irene akainuka, akajipangusa, akaniangalia.

"Kumbe ndiyo wewe," akasema.

Akaondoka zake.

Ndugu zangu mnaosoma, nina miezi saba nalibeba hili jambo. Leo nalitua. Mnitukane mkitaka, nimestahili.

Naitwa Shakila, fundi cherehani. Ni mama wa ushungi, na napenda rock. Ndiyo, rock! Yale magitaa yanayolia kama mashine ya kukata vyuma. Cheka tu, nimezoea.

Mwaka 2013 niliachika. Nikarudi kwa mama na cherehani moja na aibu mzigo mzima. Irene tulikuwa tunashona naye kibarazani, na siku moja akanivuta kwenda kuona bendi changa ya hapahapa Moro, Radi Kavu.

Mpiga dramu wao aliitwa Raphael. Yule mtu alipiga kama anabomoa ukuta! Kila pigo lilinigonga hapa, kifuani. Nikajikuta nalia. Toka talaka nilikuwa sijatoa hata chozi moja, jamani. Siku hiyo nililia mpaka ushungi ukalowa, na hakuna aliyenisikia, maana dramu zilikuwa zinalia kunishinda.

Basi nikawa wao.

Tukaanzisha grupu la mashabiki, "Wana wa Radi". Watu mia mbili na arobaini. Admini mimi na Godlisten, jamaa mmoja anayeuza spea za bodaboda. Mashabiki wengine wanaachana na bendi kama nguo. Sisi tulizaliana humo, tukaoana humo, tukazikana humo.

Na humo ndani alikuwemo mtu mmoja, jina lake kwenye simu "Mzee wa Mgeta". Hakuna aliyewahi kumwona. Hakuwahi kurusha sauti, wala picha yake. Aliweka tu picha ya shamba la kabichi na ukungu. Kila asubuhi lazima aandike:

"Amkeni wana. Huku milimani ukungu umeshuka mpaka mlangoni. Mmelalaje?"

Mama yangu alipofariki, grupu zima lilinipa pole siku tatu, likarudi kwenye stori zake. Mzee wa Mgeta aliniandikia pembeni siku arobaini. Kila siku!

"Shakila mwanangu, umekula?"

"Sijisikii Mzee."

"Kula hata uji. Mama hafurahi ukilala njaa."

Huyo ndiye mtu niliyemfukuza.

Ilikuwa hivi. Radi Kavu walikaa kimya miaka mitano, tukasubiri. Halafu Ijumaa moja, albamu ikatoka. Jina lake, Mkono wa Kushoto.

Kwanza hilo jina! Watu wakaanza kejeli pale pale. Mkono wa kushoto wa nini, wa chooni?

Nikavaa spika za masikio, nikabonyeza wimbo wa kwanza...

Du.

...Du.

...Du.

Dramu moja, polepole, kama mtu anagonga mlango huku anaogopa kufunguliwa. Magitaa ya chini. Hakuna kelele wala radi. Nikarukia wimbo wa pili. Yale yale. Wa tatu, yale yale!

Nilijisikia nimeachika mara ya pili.

Grupu likawaka.

"Wamekua hawa, ni albamu ya watu wazima," Irene akaandika. "Mimi nimelia."

"Umelia kwa usingizi!" Godlisten akajibu. "Wamelegea! Wanatafuta kupigwa kwenye harusi!"

"Kama unataka makelele si ukakae karakana?"

"Na wewe nenda kwaya!"

Watu waliozikiana wazazi wakaanza kutukanana wazazi hao hao. Nami, admini, badala ya kuzima moto, nikaandika hivi:

"Raphael amekwisha. Dramu hizi hata mtoto wa chekechea anapiga. Kama hawezi, angekaa nyumbani kuliko kutudanganya."

Watu tisini wakaweka moto na kicheko.

Halafu Mzee wa Mgeta akaandika. Taratibu, kama kawaida yake.

"Wana, sikilizeni tena. Huyo mpigaji hajawadanganya. Anapiga kwa kile alichobaki nacho."

"Mzee, kwani we ni msemaji wake?" nikamuuliza.

"Hapana mwanangu. Ila nakuomba ule ujumbe uufute. Maneno mengine yakishaingia hayatoki."

"Sifuti!"

"Shakila..."

"Nimesema sifuti!"

"Mtoe huyo chawa wa bendi!" Godlisten akaandika. "Mtoe!"

"Mtoe! Mtoe! Mtoe!"

Kidole changu kilisita, sitawadanganya. Sekunde mbili hivi.

Nikabonyeza.

*Umemwondoa Mzee wa Mgeta.*

Kesho yake ndiyo tukachoma zile fulana. Ile video ikasambaa nchi nzima. Irene akatoka na watu wake mia moja, wakafungua grupu lao. Ukikutana na mwenzako sokoni unavuka barabara.

Baada ya wiki mbili, bendi ikaweka tangazo fupi: "Uzinduzi wa albamu Morogoro umeahirishwa. Mwenzetu anaumwa."

Godlisten akaandika, "TUMESHINDA!"

Mimi nikaweka vicheko vitatu. Vitatu! Nimevihesabu tena na tena tangu hapo.

Lakini asubuhi zangu ziliharibika. Naamka, nafungua simu, hakuna anayeniuliza nimelalaje. Nikafungua cherehani, nikavunja sindano, nikaweka nyingine, nikaivunja na hiyo. Mwishowe nikasema, liwalo na liwe. Nikapiga namba ya Mzee.

Ikapokea sauti ya mwanamke.

"Haloo?"

"Shikamoo mama. Samahani, namtafuta Mzee wa Mgeta."

"Wewe nani?"

"Shakila. Wa Kihonda."

Nilisikia kuku, nikasikia mtu anakohoa kwa mbali.

"Hii simu ni ya mume wangu," akasema. "Mimi Modesta. Mume wangu ni Raphael, mpiga dramu."

Nilikaa chini, pale pale juu ya vitambaa vya watu.

"Mama... Raphael yupi?"

"Huyo huyo uliyemwandika."

Siku ya pili yake nikapanda milimani. Mpaka Mzumbe, halafu pikapu ya wabeba mboga, nimekaa juu ya matenga matupu, barabara inazunguka na baridi inaniingia mifupani. Nilikuwa nimejiandalia maneno. Nilipofika Mgeta yalikuwa yameshanipotea yote.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Sogea jikoni, huku baridi. Wageni wa mjini mnaumwa."

Modesta alinipa chai. Hakunigombeza. Heri angenigombeza!

"Miaka miwili iliyopita alipata kiharusi," akaniambia huku anamenya njegere. "Upande wa kulia wote ukalala. Mkono wa dramu ule. Wenzake wakamwambia, bendi bila wewe tunaifunga. Wakakaa hapa nyumbani mwaka mzima wanatunga nyimbo ambazo mkono mmoja unaweza. Huo wa kushoto."

Nikafumba macho.

"Kwa nini hamkusema? Tungejua..."

"Mngemhurumia. Yeye hakutaka huruma. Alisema, 'Wanangu wataisikiliza, wataielewa.'"

"Na lile jina la Mzee wa Mgeta?"

"Alikuwa anasema humo ndimo anasikia ukweli. Wakijua ni yeye, watampaka mafuta." Akatupa maganda kwenye ndoo. "Siku ile ulipomtoa, alikaa na simu mchana kutwa. Akaniuliza, 'Modesta, nimemkosea nini huyu mtoto?'"

"Mama, nimemuua..."

"Yu hai. Na presha alikuwa nayo kabla yako, sitakubebesha kisicho chako. Kiharusi cha pili kimekuja chenyewe, kimechukua na sauti." Akanitazama kwa mara ya kwanza. "Ila alilia. Hilo ni lako, libebe."

Akanipeleka ndani.

Jamani... Yule mtu aliyekuwa anabomoa kuta! Alikuwa amekaa kwenye kiti, blanketi mapajani, mdomo umepinda upande. Macho tu ndiyo yalikuwa mazima. Aliponiona, hayakunikwepa.

Nikapiga magoti. "Mzee, ni Shakila. Nisamehe."

Asingeweza kujibu hata angetaka.

Modesta akaniuliza, "Wimbo wa tisa uliusikiliza?"

"Upi?"

"Wa mwisho."

Niliishia wa tatu, wasomaji wangu. Nilichoma fulana kwa ajili ya albamu ambayo sikuimaliza! Na baadaye nilipowauliza wenzangu mmoja mmoja, Godlisten aliishia wa pili.

Modesta akachukua simu ya mumewe, akabonyeza.

Du... du... du...

Halafu sauti ya mwanaume, nzito, ulimi mzito, anaongea juu ya dramu kama mtu anayejifunza maneno upya:

"Asante Godlisten, uliyebeba spika zetu mgongoni mvua inanyesha. Asante Irene, unayejua nyimbo kuliko sisi. Asante Shakila, mwanangu, uliyetuvisha. Mkono wa kulia umelala. Huu wa kushoto bado unawapungia..."

Majina yaliendelea. Dakika ishirini za majina! Grupu zima, mmoja mmoja, na mtaa wake.

Nililia mpaka nikakosa pumzi. Ulipokwisha, Raphael akanyoosha ule mkono wa kushoto, polepole sana, akaifikia simu. Akaurudisha wimbo mwanzo.

Halafu akafumba macho.

Mpaka leo sijui ilikuwa msamaha au adhabu.

Alifariki wiki ya pili ya Kwaresima. Tulimzika Mgeta, kwenye mteremko, chini ya nyumba yake. Makundi yote mawili yalikuja. Godlisten alibeba jeneza, na tangu siku hiyo hajaandika kitu popote. Padri alipomaliza, hakuna aliyejua tufanye nini. Irene alikuja akasimama karibu nami. Hakunisemesha. Nami sikuthubutu. Tulisimama hivyo mpaka udongo ukaisha, akashuka na watu wake.

Simu zangu bado hapokei.

Ile video ya moto nimejaribu kuifuta. Kwangu imefutika, kwa watu ipo. Kuna mtu anaituma kila wiki, na vicheko.

Sasa nisikilizeni. Sisemi usiseme ukweli. Kazi mbaya iambiwe ni mbaya, na albamu usiyoipenda una haki ya kutoipenda. Ila imalize kwanza. Na ukimaliza, sema habari za wimbo, mwili wa mtu uuache, maana hujui umebaki mzima kiasi gani. Anayekuomba ufute neno, muulize kwa nini kabla hujamfukuza.

Na kama wewe unayesoma hapa kuna mtu umemtoa, kwenye grupu, kwenye simu, kwenye maisha yako, kwa sababu ya ubishi tu... usimwandikie.

Mpigie. Leo. Wakati bado ana sauti ya kukujibu.