Kome Kumi na Wawili wa Mzee Sebastiani

Maiti ya Silvano ilikutwa saa nane mchana kando ya kijito, karibu na shamba lake kijijini Kisawasawa. Alilala kifudifudi, kikombe cha plastiki mkononi. Ripoti ya mkemia ilitaja sumu ya kuulia wadudu wa mpunga.

Nyumbani kwake polisi walikuta chupa ya dawa hiyohiyo, imebaki nusu. Majirani walisema aligombana na mkewe, Balbina, asubuhi ile. Balbina akawekwa mahabusu Ifakara.

"Mligombania nini?" aliuliza Inspekta Digna.

"Hakuja kwenye sala za jumuiya Jumamosi. Basi." Rozari ilikuwa ikipita vidoleni mwake. "Nilimpikia uji, Afande. Sikumtilia kitu."

"Shambani alikunywa nini?"

"Maji ya kijito. Sote tunakunywa."

Lakini maji yalikuwa na shahidi. Tangu Januari, binti mtafiti, Teddy, alikuwa ameweka kijitoni kome kumi na wawili, viumbe wa majini wenye magamba mawili, ndani ya kizimba cha waya. Kila mmoja alichongwa namba kwenye gamba.

"Kome huchuja maji kutwa," Teddy alieleza. "Sumu ikija, hujifunga siku mbili tatu, kisha hufa. Wangu wote wazima. Mlinzi hunitumia picha kila Jumatatu. Sumu hiyo haikutoka kwenye maji."

Kwa maelezo hayo, Balbina angefikishwa mahakamani Ijumaa kwa kosa la mauaji.

Alhamisi Digna alikwenda kijitoni. Mvua zilikuwa zimechelewa. Yalibaki madimbwi, yameunganishwa na mkondo mwembamba. Mlinzi, Mzee Sebastiani, aliketi karibu na kizimba, fimbo mapajani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kuwakamata kome wangu?"

"Wakinijibu vizuri, nawaacha."

Mzee alicheka. "Wote wapo. Hesabu."

Walikuwa kumi na wawili. Kila aliyeguswa alifunga gamba.

Digna akageuza jiwe kando ya kizimba. Kaa wawili, wamekufa. Akageuza la pili, la tatu. Hakupata kaa hai hata mmoja.

Akamtoa kome namba saba, akamsugua kwa kidole gumba. Udongo mwekundu ulibaki kwenye ukucha. Tope la kijito lilikuwa jeusi. Na mikato ya namba ilikuwa myeupe. Ya Januari ingekwisha kuota kijani.

"Mzee, huyu katoka wapi?"

"Humuhumu."

"Humu mna udongo mwekundu?"

Mzee aliigeuza fimbo mapajani.

"Balbina yuko mahabusu, mzee."

"Nilisikia. Kwa ugomvi."

"Kwa mauaji. Na ushahidi unaomfunga ni hawa kome wako."

Fimbo ilianguka. Sebastiani hakuiokota.

"Nawatoa mtoni kule Sanje," alisema. "Nachonga namba kwa msumari. Nimewabadilisha mara tatu."

"Waliokufa wako wapi?"

Alikuwa amewazika nyuma ya migomba, kwa mstari. Digna alihesabu magamba thelathini na sita.

Kisha akafuata kijito kwenda juu, akigeuza mawe. Kaa waliokufa waliishia kwenye dimbwi ambalo wakulima walisuuzia mabomba ya kupulizia dawa, hatua chache kutoka pale Silvano alipokutwa. Juu ya hapo, kaa walikimbia mkono wake.

Kituoni alimwonya Sebastiani kwamba halazimiki kusema lolote. Mzee akasema atasema.

"Wa kwanza walikufa lini?"

"Wiki moja kabla ya Silvano. Nikadhani ni joto, maji yamepungua."

"Kwa nini hukumwambia Teddy?"

"Nimechunga ng'ombe wa watu miaka ishirini. Ng'ombe akifa, anayeulizwa ni wewe mchungaji. Yule binti alinikabidhi kumi na wawili wazima, akasema, 'Mzee, niangalizie hawa.' Sijawahi kurudisha zizi pungufu."

"Hakukwambia ni wa kazi gani?"

"Aliniambia niwaangalie."

Digna aliweka kalamu chini. "Kazi yao ilikuwa kufa, mzee. Wakifa, watu wasinywe."

Mlango wa mahabusu ulifunguliwa kule koridoni. Balbina, aliyeachiwa, alipita, viatu mkononi, bila kutazama pembeni. Sebastiani alimfuata kwa macho mpaka akatoka nje.

"Basi wao walifanya kazi yao," alisema. "Mimi ndiye niliyewafufua."

Akachovya kidole gumba kwenye wino, akakibandika chini ya maelezo yake.