Mawe Tisa ya Nyakibingo

Mstari mwekundu ulikuwa umeshuka.

Athumani, mpima ardhi wa ofisi ya viwanja ya Gitega, aligundua hivyo Jumatatu asubuhi alipokunjua ramani ya mtaa mpya wa Nyakibingo. Wiki iliyopita alikuwa ameuchora mstari huo mita ishirini na tano kutoka kwenye kijito, na chini yake hakuweka hata kiwanja kimoja, kwa sababu matope yaliyokauka kwenye mashina ya miti yalimwonyesha mahali maji yalipofika miaka ya mvua kubwa. Sasa mstari ulikuwa mita tano tu kutoka kwenye maji. Katika nafasi iliyoachwa wazi palikuwa na viwanja tisa, vimepangwa vizuri na kutiwa namba, kwa mwandiko wake mwenyewe. Hata ile namba saba ilikuwa na kile kistari cha katikati alichozoea kukiweka tangu chuo kikuu.

Ukingo wa chini wa karatasi ulikuwa umelowa. Droo ilikuwa kavu. Aliinua karatasi akainusa. Ilinuka tope, na ndani ya tope, kafuri.

Ulikuwa mwaka wa kumi na saba tangu uhuru, na mji ulikuwa unatafuta pa kupanukia. Kamati ya viwanja ingekaa Ijumaa kuidhinisha mtaa huo. Bila saini ya mpima ardhi isingeweza.

“Namba tisa hii hapa!” Bahati aliinama mezani akacheka. Ndiye aliyemshikia Athumani, aliyemwita jeometa, yaani mpima, mnyororo wa kupimia kwa miaka sita. “Shefu wa ofisi aliniambia parseli yangu, kiwanja changu, iko chini kabisa, karibu na maji, mi nikadhani ananitania. Nitafuga bata, jeometa. Bata na watoto wangu wote, tuone nani anajua kuogelea.”

“Hapo si pa kujenga, Bahati.”

“We unaogopa maji kama paka.”

Walishuka pamoja hadi kijitoni. Mawe ya mpaka yalikuwa tisa, ya saruji, kila moja likihitaji wanaume wawili kulibeba, na wao wenyewe walikuwa wameyasimika kwenye mstari wa juu. Kule juu hapakuwa na jiwe wala shimo. Majani yalikuwa mazima. Mawe yote tisa yalisimama ukingoni mwa maji, yamenyooka sawasawa, mabega yake yameota kuvu ya kijani, mizizi imeyakumbatia miguu kana kwamba yaliwekwa pale kabla wao wawili hawajazaliwa.

Bahati aliacha kucheka. “Mana yanje, Mungu wangu. Nani kayabeba?”

“Sijui.”

“Tufanye nini?”

“Tunayarudisha.”

“Yote?”

“Yote tisa.”

Kazi iliwachukua hadi adhuhuri.

Athumani aliishi peke yake. Mkewe, Kadidja, alikuwa amefariki miezi minane nyuma huko Muyinga, nyumbani kwa mama yake, alikokwenda kuuguzwa. Mvua ilikata barabara siku mbili. Athumani alipofika, kaburi lilikuwa limeshasawazishwa, akaonyeshwa udongo, na udongo ndio kitu pekee alichokiona cha kifo cha mkewe. Binti yao, Amisa, mwenye miaka sita, alibaki kwa bibi yake.

Jioni hiyo, baada ya Magharibi, alisikia kandambili uani. Mguu wa kushoto uliburuzwa kidogo kuliko wa kulia. Zikasimama nyuma ya mlango.

“Ba Amisa.”

Mtu mmoja tu duniani alimwita hivyo, Kadidja. Kabla hajafikiri alikuwa ameshaitikia, “Naam.”

Nje kulinyamaza, kama anavyonyamaza mtu aliyepata alichokitaka.

“Hukuniona,” sauti ikasema. “Walikuonyesha udongo tu. Weka saini, mi nirudi nyumbani. Huku chini niko peke yangu, Ba Amisa. Nataka majirani. Nyumba tisa tu.”

Chini ya mlango uzi mwembamba wa maji uliingia, ukapita katikati ya sakafu bila kufuata mteremko, ukazunguka mguu wa meza, ukasimama mbele ya viatu vyake ukinuka kafuri, na yeye akakaa akiutazama bila kusogeza mguu, hata alipotambua kwamba anauelekea mlango kwa kiwiliwili chake chote kama mmea unavyoelekea dirisha, mpaka adhana ya Isha iliposikika na maji yakarudi yalikotoka.

Jumanne mawe yalikuwa yameshuka tena. Waliyapandisha tena. Safari hii Bahati hakutaja bata.

Shefu wa ofisi, Mustafa, alimwita Athumani kabla ya chakula cha mchana. Alikuwa mtu mchangamfu, mwenye shati lililopigwa pasi vizuri, na hakupenda jambo lililochelewa.

“Nasikia unahamisha mawe.”

“Nayarudisha, shefu. Kipimo ni mita ishirini na tano.”

“Kwenye ramani mi naona mita tano, na mwandiko ni wako. Sasa we unapingana na mkono wako mwenyewe?”

“Ndiyo.”

Mustafa alifunga faili. “Bon, haya. Watu tisa nimeshawaahidi. Ijumaa utasaini. Usiposaini, kule Kobero mpakani wanatafuta mtu wa kupima maegesho ya malori. Hakuna kijito kule, utafurahi.”

Jioni sauti ilirudi, laini zaidi. Ilimweleza mambo ya ndani ya ndoa yao ambayo hakuwahi kumsimulia mtu. Hakuitikia. Lakini baadaye alijikuta amesimama na mkono mmoja juu ya komeo la mlango, na mkono wa pili umeshika kalamu. Hakukumbuka kuitoa mfukoni.

Alfajiri ya Jumatano alipanda pikapu ya wafanyabiashara wa ndizi kwenda Muyinga.

Mama mkwe wake, Kulthumu, alikuwa uani akichambua maharage. Alikulia Ujiji, na Kiswahili chake hakikuwahi kuhama kule. Miaka thelathini aliwaosha wanawake wa Kiislamu wa Muyinga walipofariki.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, baba. Umekonda. Kaa.”

Alikaa. “Mama, nani alimwosha Kadidja?”

Mikono ya Kulthumu ilisimama juu ya ungo. “Swali gani hilo, mkwe wangu?”

“Sikumwona.”

Alimsimulia yote kwa mpangilio: ramani, mawe, kandambili, maji sakafuni. Alipofika mwisho alishindwa kumtazama. “Nataka kusaini, mama. Ukweli ndio huo. Najua watoto watakufa maji pale. Najua hata kiwango cha maji. Na bado nataka.”

Kulthumu aliuweka ungo chini.

“Hilo linalokuita, uliliitikia?”

“Mara moja.”

“Usiitikie tena. Jini halina sauti, baba. Huazima. Linakuuzia kitu ambacho si chake.” Alisimama akaingia ndani, akatoka na kata ya kuogeshea, sabuni, kifuko cha kafuri na robota la shuka nyeupe. “Mimi si mganga. Sijui kupunga pepo wala kuandika makombe ya kunywesha wagonjwa. Nina kazi moja tu, nayo naijua.”

Walimwacha Amisa kwa jirani, wakafika Gitega Alhamisi alasiri, jua bado kali. Mawe yalikuwa tena ukingoni. Bahati aliposikia kinachotakiwa alitaka kukimbia.

“Bibi, unataka kuyaosha mawe? Kama maiti?”

“Kinachotembea bila roho nikiite nini? We beba.”

Walilibeba la kwanza hadi mstari wa juu. Kulthumu alilitandikia mkeka, akalilaza kwa upole kana kwamba lina shingo. Aliliosha upande wa kulia, kisha wa kushoto, mara tatu, ya mwisho kwa maji ya kafuri. Kuvu ya kijani ilitoka ikawa kama kamasi. Kisha akalifunga shuka, akakaza kamba chini.

“Kichwa kibaki nje, mama,” Athumani alisema. “Sheria inataka jiwe la mpaka lionekane.”

“Sheria yako ichukue kichwa. Mimi nafunga miguu. Maiti niliyemfunga mimi hajawahi kurudi.”

Walizika la kwanza, la pili, la tatu. Hadi la sita hapakutokea kitu, ila maji ya kijito yalikuwa yameacha kutoa sauti, ingawa yalikuwa bado yanatembea. Walipolilaza la saba kwenye mkeka, upepo ulitulia, ndege wakanyamaza, harufu ya tope ikapanda mteremko kama pumzi ya mtu aliyelala na njaa, na kutoka katikati ya matete, karibu sana, karibu kiasi kwamba Bahati alikaa chini na kuziba masikio huku akilia, sauti ya mwanamke kijana, yenye mkwaruzo kidogo wa mtu aliyetoka kuugua, ikasema kwa unyonge usioweza kuigwa na kiumbe chochote isipokuwa kile kilichomsikia Kadidja alipokuwa hai:

“Mama, maji ni baridi.”

Athumani alipiga hatua moja kuelekea matete. Mkono wa Kulthumu, uliolowa, ulimshika kifundo cha mguu.

“Shika jiwe,” Kulthumu alisema. Alimwachia mguu, akachukua kata. Aliijaza upya. Aliongea bila kugeuza kichwa, na sauti yake haikuwa kubwa. “Mwanangu nilimwosha kwa maji ya uvuguvugu. Niliyapima kwa kiwiko changu, kama nilivyoyapima siku alipozaliwa. Hakuona baridi. Nilimfunga kidevu kwa mikono hii. Nilimfumba macho. Alikuwa amekwenda, Athumani, unasikia? Nilimwona. Mimi ndiye macho yako.”

Kisha akayaambia matete: “Na wewe endelea kuita. Kazi yangu haijaisha.”

Jini liliita. Liliita wakati wa jiwe la nane, na la tisa, kwa kilio cha mtoto, kwa kicheko cha harusi, na bibi yule akaosha kulia, akaosha kushoto, akafunga kamba.

Ijumaa asubuhi mawe yote tisa yalikuwa juu, vichwa vyeupe nje ya udongo. Lakini ramani ilikuwa vilevile, viwanja tisa chini ya mstari, na saa nne kamati ikakaa: wajumbe watano, Mustafa kichwani mwa meza. Dirisha lilikuwa wazi. Bahati alisimama mlangoni na kofia mkononi.

“Jeometa, hapa chini kulia,” Mustafa alisema, akamsogezea wino.

Athumani alichukua kalamu. Karibu na sikio lake la kushoto, upande aliozoea kulala Kadidja, sauti ikaja.

“Ba Amisa, usiniue mara ya pili.”

Alisimamisha kalamu. Wajumbe walidhani anasoma. Hakuwa anasoma. Alikuwa anaisikiliza, kwa sababu alijua hataisikia tena, na alijiruhusu muda wa kutosha kuvuta pumzi moja. Kisha akaweka rula na kuchora mstari mwekundu juu ya viwanja vyote tisa, kutoka wa kwanza hadi wa mwisho, akaandika: *Sikubali. Hii ni njia ya maji.* Alipokuwa anaandika, sauti ilianza kupoteza umbo. Kwanza mkwaruzo wake ulitoweka, kisha ikashindwa kulitamka jina la Ba Amisa, kisha ikawa mngurumo wa kitu kipana kinacholazimishwa kupita kwenye tundu dogo, cha zamani, chenye hasira, kisicho na mtu ndani yake. Aliandika jina lake lote. Aliandika tarehe. Mkono haukuteleza.

“Umefanya nini?” Mustafa alisema.

“Nimesaini, shefu.”

“Nitaleta jeometa mwingine kutoka Bujumbura. Atasaini.”

“Sawa. Ataandika jina lake chini ya langu, na wote watasoma yote mawili.”

“Utakwenda Kobero.”

“Nitakwenda.”

Mjumbe mmoja alivuta mkono wake kutoka mezani akautazama. Mkono wa koti lake ulikuwa umelowa hadi kiwikoni. Aliisukuma ramani mbali naye kwa ncha ya kidole, na wajumbe wengine, mmoja baada ya mwingine, wakarudisha viti nyuma. Mustafa alibaki na wino, akitafuta mtu wa kumpa.

Nje, Bahati alimfuata Athumani hadi barabarani. Uso wake ulikuwa umevimba kwa hasira.

“Mke wangu ana mimba ya miezi saba. Matofali nimeshafyatua. Sasa mi niende wapi, jeometa?”

“Kule juu, nyuma ya mstari, pamebaki vipande vitatu nilivyoviacha bila namba. Mteremko mkali, mawe matupu. Hapana kivuli, na maji utayabeba kichwani.”

“Hapo hata mbuzi anateleza.”

“Anateleza, lakini hazami. Kobero hawanitaki kabla ya Jumatatu. Tuna leo na kesho za kupima.”

Bahati alitema mate vumbini. Alitembea kando yake mwendo mrefu, hadi walipofika juu ya Nyakibingo, ambako Kulthumu alikuwa ameketi kwenye majani akiwasubiri. Bahati alishusha mnyororo wa kupimia kutoka begani, akashika ncha yake, kisha akasimama ghafla akiwa amekipa kijito kisogo.

“Jeometa.”

“Nimesikia kitu,” Athumani alisema, “lakini sikielewi. Kwangu ni maji tu.”

“Kwangu si maji.” Midomo ya Bahati ilikuwa imekauka. “Ni kaka yangu. Iko inaita jina langu.”

“Kaka yako yuko wapi?”

“Tulimzika.”

“Ulimwona?”

Bahati alitikisa kichwa kukubali.

“Basi vuta mnyororo,” Athumani alisema.

Bahati akauvuta hadi ukanyooka.