Walimbadilisha Sada Majina Matatu, Kisha Wakamfunga Kamba

Haya alinisimulia Sihaba mwenyewe, mwaka 2004, tukichambua dagaa nyuma ya nyumba yake Ilemela. Kwa hiyo msinijie kwenye maoni kuniambia natunga.

Ilikuwa Mwanza, Disemba 1961, siku chache kabla ya Uhuru.

Sihaba anarudi kutoka ziwani kufua, beseni kichwani. Anafika barazani… akasimama.

Mtoto wake Sada, miaka minne, amefungwa mguu kwa kipande cha kanga. Kafungwa kwenye cherehani.

Na aliyekaa anashona kwenye cherehani hiyo ni baba yake mzazi, Mbaruku.

Anashona nini? Vibendera vya Uhuru. Nchi nzima inafunguliwa, yeye kamfunga mwanawe kama mbuzi wa mnadani.

"Baba Sada, nani kamfunga mtoto?"

"Mimi."

"Kisa?"

"Kamwaga mafuta ya cherehani kwenye kitambaa cha watu. Na dada kasema bora azoee kufungwa, Ijumaa asije kusumbua."

"Ijumaa kuna nini?"

Akavuta kibendera kingine. Cherehani tu ndiyo inasema.

"Mbaruku, nakuuliza. Ijumaa kuna nini?"

"Anapelekwa Sengerema kwa mganga. Atakaa huko mpaka atulie."

Mpaka atulie. Mtoto wa miaka minne, avushwe maji, aachwe kwa mtu asiyemjua. Hajasema mwezi, hajasema mwaka. Sihaba akatua beseni, akakaa chini.

Sasa niwaambieni kuhusu huyo dada.

Jina lake Bimdogo, dada mkubwa wa Mbaruku. Mwanamke ambaye mdomo wake haukuwa na sikukuu. Hujamaliza kuuliza, yeye kashajibu, tena kajibu lingine. Akiinjika maharage yanaungua, maana kakumbuka kitu kwa jirani, na akifika kwa jirani kasahau alichofuata. Huyo ndiye aliyekuwa anawafundisha watu kulea.

Na Mbaruku? Waume wa aina hiyo mnawajua. Akili alimwachia dada yake amtunzie.

Ukoo wao ulikuwa na desturi. Mtoto akisumbua, wanasema jina halimtaki, kuna marehemu anadai jina lake. Basi wanambadilisha.

Sada alizaliwa Sada. Alipofika miaka miwili akawa anapanda kila kinachopandika, Bimdogo akasema aitwe Tausi. Akapanda vilevile. Akawa Zaituni. Akamwaga uji vilevile. Akawa Mwanaidi.

Kisha Bimdogo huyohuyo akapita kila nyumba:

"Mtoto kiziwi yule. Namwita hageuki."

Unamwita nani, mama? Hata mimi na darasa langu la tatu nisingegeuka.

Lakini tusidanganyane. Sada alikuwa na jambo lake kweli. Sihaba alishaliona mapema, ila nani angemsikiliza?

Basi, jina la tano sharti litamkwe na bibi mzaa baba. Bimdogo akamwita mama yao, Bibi Mhoja, kutoka Nansio. Atoe jina Ijumaa asubuhi, halafu mtoto apandishwe boti.

Sihaba alikata tamaa. Aliyewazaa wale wawili angeleta nini zaidi ya kamba ya pili?

Jumatano bibi akafika.

"Shikamoo mama," Sihaba akamwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Huyu mtoto mfungueni."

"Atakimbia, mama," Mbaruku akasema.

"Kwani mimi nimekuja kuangalia mtoto au kuangalia fundo?"

Akafunguliwa. Akakimbia, ndiyo. Bibi akavuta kigoda, akatazama.

Siku mbili nzima alitazama. Akamwita Luhaga, mtoto wa jirani, wa umri uleule. Wote wawili wakafukuza mijusi kwenye mawe. Luhaga akachoka, akakaa. Sada hakukaa. Wakapewa mahindi. Luhaga akala hindi lake likaisha. Sada akatafuna mara mbili, akaliacha, akachukua kijiti, akakiacha, akamkatiza bibi maneno, akaondoka.

Bibi akampeleka ziwani kwa wanawake wanaofua. Yaleyale. Akampeleka kwa Bimdogo. Yaleyale.

"Ameanza lini hivi?" akamuuliza Sihaba.

"Tangu anaanza kutembea, mama. Hata kitu anachokipenda hakimkalishi."

Bibi akamwambia Sada, "Funga mlango, lete kijiko, halafu njoo ukae." Sada akaufikia mlango, akabaki hapo anauchezea.

Bibi akamfuata, akainama, akamwekea mkono begani, wakatazamana.

"Sada. Lete kijiko."

Kijiko kikaja.

Akampa agizo moja lingine. Likafanyika. Sihaba alisema siku ile alilia jikoni akisingizia moshi.

Ijumaa asubuhi, Bimdogo kashafunga kifurushi cha mtoto.

"Mama, toa jina, boti haimsubiri mtu."

"Nimemwangalia huyu mtoto, na…"

"Si nilikwambia! Ana mashetani, na mganga…"

"Bimdogo. Sijamaliza."

"Ndiyo mama, ila mganga alisema…"

"Kunanuka moshi. Umeacha nini jikoni?"

Bimdogo akatoka mbio. Chai ya maziwa ilikuwa imeshamwagikia moto wote. Aliporudi, bibi alikuwa anamngoja.

"Wewe umewahi kuitwa majina mangapi?"

"Mimi? Moja."

"Manne. Bimdogo ni la nne."

Mbaruku akamgeukia dada yake.

"Ulikuwa hivihivi. Nikaambiwa jina halikutaki, nikabadilisha. Nikienda shamba nakufunga kwenye mguu wa kitanda. Kitu pekee ulichojifunza ni kufungua mafundo."

Bimdogo akafungua mdomo. Safari hii hakikutoka kitu.

"Nilikuwa mjinga," bibi akasema. "Usiurithi ujinga wangu, wa kwako unakutosha."

Mbaruku akauliza kwa sauti ndogo, "Sasa jina, mama?"

"Si anaitwa Sada? Boti iende."

Ikaenda.

Nyie mnaonisoma na simu zenu, leo madaktari wana jina la hali hiyo ya kutotulia na kutomakinika, ADHD. Kila mtoto mdogo hukimbia, msimbandike kila mtoto jina hilo. Lakini akiwapita wenzake wa umri wake, miezi na miezi, nyumbani na kwa watu, asimalize kitu, asisikie hata anapoitwa kula, mpelekeni akapimwe masikio na aonwe na daktari wa watoto. Daktari mzuri hatakimbilia kumpa jina, ataangalia kwanza. Na nyumbani mguse bega, mpe neno moja moja. Ukishindwa hilo halafu ukachukua kamba, mwenye kasoro hapo si mtoto.

Ijumaa ile walikula wali mchana. Sada, aliyekimbia juu ya mawe yote ya Mwanza tangu alfajiri, alilala na tonge mkononi. Bibi Mhoja akajinyoosha pembeni yake. Mbaruku akalalia vibendera vyake. Sihaba akalala amemshika mwanawe mguu ule uliofungwa.

Bimdogo alibaki macho, kaegemea ukuta kando ya mama yake, mguu wake unatikisika, unatikisika. Mama yake, bila kufumbua macho, akanyoosha mkono akamwekea begani.

Mguu ukapunguza… ukatulia. Naye akalala.