Ghala Halilazi Mtu

Hebu fumba macho kidogo. Liwaze ghala la mpunga la mbao kuukuu, limesimama juu ya nguzo nene nyuma ya nyumba, jua likizama kwenye milima ya Nan, kaskazini mwa Thailand. Halina mlango wa bawaba. Lina mbao tu, zinazoteremshwa katika mifuo ya nguzo mbili za mlangoni, ubao juu ya ubao, kadiri mpunga unavyopanda ndani. Likijaa, limejifunga.

Letu lilikuwa tupu tangu mashamba yauzwe. Saengda, binti wa marehemu kaka yangu, akataka kuligeuza chumba cha wageni.

"Watu wa Bangkok wanapenda vya kizamani, shangazi. Watalala humu wakisikiliza vyura."

"Bibi yako alisema ghala halilazi mtu."

"Bibi alisema pia nikipiga mluzi usiku nitaolewa na nyoka. Mbona hadi leo sijaposwa hata na mjusi?"

"Mjusi naye ana macho."

Akacheka mpaka akakaa chini.

Jioni moja nilimpelekea ghalani wali wa kunata na pilipili ya kutwanga. Nikakuta ubao wa chini umewekwa mlangoni. Nikaudhika. Asubuhi ya siku ileile nilikuwa nimeutoa mwenyewe, nikaupeleka kwenye banda la nyati wa kulimia pamoja na wenzake. Jana yake vilevile. Juzi yake vilevile.

"Saengda! Mbona unarudisha mbao?"

Alikuwa amejinyoosha juu ya godoro jipya, akilijaribu. "Mimi? Si wewe, unayetaka nishindwe?"

"Kwa mgongo huu?"

"Basi zimetembea."

Nikamwachia kikapu cha wali, nikaung'oa ubao na kuukokota hadi bandani huku nikinung'unika. Kuna uchovu wa kufundisha somo lilelile kila siku na kulikuta limefutwa. Ndio niliokuwa nao.

Bandani hapakuwa na ubao mwingine hata mmoja.

Nyuma yangu...

Tok.

Nilidhani ni nyundo ya Saengda.

Tok... tok.

Kisha ikaja harufu. Mpunga mbichi, wa leo leo, wakati mashamba yote yalikuwa makavu.

Nikageuka. Mbao zilikuwa zimefika kifuani. Hakuna aliyezishika.

"Saengda, toka!"

"Nasinzia kidogo tu, shangazi..." Sauti ilikuwa nzito, kama ya mtu aliyefunikwa.

Nikakimbilia ghalani, nikavuta ubao wa juu. Ulitoka, mwingine ukashuka mahali pake. Nikavuta huo. Ukaja mwingine. Nikalia kwa hasira, kama mtoto ambaye hesabu imemkataa. Mwishowe nikaachana na mbao. Nikajitupa juu ya ubao wa juu, nikapapasa ndani gizani.

Mkono ukazama kwenye mpunga hadi kiwikoni.

Katika ghala tupu.

Nikazidi kuchimba. Nikagusa vidole, baridi. Nikavishika, nikavuta kwa nguvu zote nilizojaliwa, tukaanguka wote wawili majanini.

Tok.

Ubao wa mwisho.

Mpaka leo mbao hizo hazitoki. Fundi amevunja patasi zake, akaondoka bila kuaga. Ukigonga ukuta, haulii kama wa kitu kitupu. Nadhani bibi yake Saengda alijua. Ghala halijui mgeni. Linajua kujazwa na kufungwa, basi.

Saengda yuko nyumbani. Anakula, analala. Nikimchana nywele, punje huanguka, nami huzifagia kabla hajaziona. Nikimtania kuhusu mjusi, hutabasamu kwa adabu, kama mtu anayesikia utani huo kwa mara ya kwanza.

Jana jioni alisimama dirishani, akilitazama ghala.

"Shangazi," alininong'oneza, "una hakika uliyemtoa ni mimi?"

Nikafunga dirisha. Vyura wote walikuwa wamenyamaza.

Nakuomba ukumbuke jambo moja tu, mwanangu. Ukikuta ubao wa kwanza umewekwa, usiulize nani kauweka. Mtoe kwanza aliye ndani.