Jani Lililofunika Mtori

Saa moja na dakika kumi asubuhi, siku ya Jumamosi, Kindness alipanda juu ya mizani kwenye uwanja wa shule ya msingi, huko Marangu, na wanawake kumi na mmoja wakapiga makofi. Mshale ulisimama kwenye sabini na sita na nusu. Jumamosi iliyopita alikuwa na themanini na moja.

"Kilo nne na nusu!" Priska alipaza sauti huku akiandika kwenye daftari. "Kwa wiki moja! Wifi yangu, leo umetutoa kimasomaso!"

Kindness aliunyoosha mkono kama anayetafuta ukuta wa kujishikiza, ukuta haukuwepo, magoti yakakunjika, akaanguka ubavu kwenye nyasi zenye umande. Midomo yake ilikuwa imekauka ikapasuka. Macho yalikuwa wazi lakini hayakumtazama mtu.

Bibi Elisifa, mama mkwe wake, alikuwa ndiyo kwanza amefika, ameketi kwenye benchi na mjukuu wake Primus, wa miezi sita, mgongoni. Aliinuka haraka mpaka chupa ya mtori wa Kindness, ile supu nzito ya ndizi na nyama, ikaanguka, kifuniko kikafunguka na jani la mgomba likadondoka. Akaliokota bila kufikiri, akalichomeka kwenye upindo wa khanga, maana yeye hakuzoea kutupa kitu ovyo. Halafu akapiga magoti kando ya mkwewe.

"Kindness! Mwanangu! Nisikie!"

Mgongoni mwake Primus hakulia. Hilo ndilo lililomtisha Bibi. Siku tatu nzima mtoto huyo alikuwa analia njaa, maziwa ya mama yake yamekatika ghafla. Leo amenyamaza tu, kichwa kimelegea begani.

Wale wanawake walikuwa wamejifungua mwaka huo. Pamela, mwalimu wa mazoezi kutoka Moshi mjini, ndiye aliyewakusanya kwa shindano la siku tisini. Vikundi vilikuwa vinne, Marangu, Mkuu, Mabogini na Moshi mjini, na kilo walizopungua wanakikundi wote zilijumlishwa pamoja. Fainali ilikuwa Jumamosi inayofuata, na picha ya washindi, nahodha wao mbele, ingebandikwa Moshi mjini. Priska, binti wa Bibi Elisifa, alikuwa nahodha. Na aliyewavuta wenzake nyuma kila wiki alikuwa Kindness, kwa sababu Bibi alikuwa hajaacha kumlisha. Miezi mitatu ya uzazi alimfungia ndani kama desturi inavyotaka, mtori wa nyama na maziwa ya mafuta asubuhi na jioni. Hata alipotoka, Bibi alisema mama anayenyonyesha hafungi njaa, akaendelea kumpa chupa ya mtori kila alfajiri aende nayo mazoezini.

Koplo Fabian wa kituo cha polisi alifika saa moja na nusu, gari lilikuwa limeshampeleka mgonjwa hospitali. Aliinamisha chupa, akachungulia. Chini kabisa, kwenye mtori uliobaki, kulikuwa na chembe nyeupe kama chokaa.

"Nani alipika?"

Wanawake wote walimtazama Bibi Elisifa.

*

Saa mbili na nusu, Daktari Jacob alitoka wodini akiwa amekunja mikono ya shati.

"Shikamoo bibi. Sitakuficha. Mwili wake umekauka, chumvi za damu zimevurugika, moyo unaruka. Kuna kitu amekula. Nikikijua, nitamtibu sawasawa. Nisipokijua, nabahatisha, na mpaka jioni kubahatisha kunaweza kumuua. Na huyu mtoto amenyonya maziwa yake, naye tunamlaza." Akamtazama. "Nyumbani kuna dawa yoyote?"

Koplo Fabian alikuwa pembeni na kalamu yake tayari. Bibi akaiona ile kalamu, na ulimi ukamtangulia.

"Hakuna."

Alikuwa amesema uongo, na alijua. Kabatini kulikuwa na vidonge vyake mwenyewe vya presha, vile vya kutoa maji mwilini. Alitoka hospitali, akapanda bodaboda hadi kwake, akapita kwenye uzio wa mimea ya masale bila kusalimiana na jirani, akafunga mlango kwa ndani.

Bahasha ilikuwa mahali pake, nyuma ya kopo la chumvi. Juu yake pameandikwa thelathini. Priska ndiye aliyemchukulia zahanati Jumatatu, kama anavyofanya kila mwezi. Bibi alianza kuvimeza Jumanne, kimoja kila asubuhi, na kila akimeza anachora mstari wa mkaa kwenye kalenda ya kanisa. Mistari ilikuwa mitano. Vilitakiwa vibaki ishirini na vitano.

Alivimwaga kwenye sinia, akavihesabu kwa kidole. Kumi na vitatu. Akahesabu tena, kutoka upande mwingine wa sinia. Kumi na vitatu.

"Ee Ruwa," akasema. Ruwa ni Mungu kwa Kichagga, na Bibi hakumwita kwa lugha hiyo isipokuwa amezidiwa.

Kwanza alijiogopa mwenyewe. Ana miaka sabini na mbili. Mwezi uliopita alitia sukari kwenye maharage. Je, kama alfajiri, macho yakiwa na moshi, alitia vidonge kwenye mtori akidhani ni chumvi? Aminieli, mwanawe, mume wa Kindness, alikuwa mlimani Kilimanjaro na watalii, asingeshuka hadi Jumatatu. Atamwambia nini? Kwamba alimuua mkewe kwa upawa?

Alikaa chini sakafuni. Khanga ikakunjuka kiunoni na lile jani likaanguka mbele yake.

Kila alfajiri, akishajaza chupa, Bibi huweka jani la mgomba mdomoni mwa chupa kabla ya kufunga kifuniko, maana plastiki hunukisha mtori. Alifundishwa na mama yake. Unalipitisha jani juu ya moto lilegee, unaficha uti wake ndani, unakunja mara tatu, pembe ya mwisho unaichomeka chini ya ya kwanza, nalo linashika lenyewe bila kijiti. Jani hili lilikuwa limekunjwa hivyo hivyo. Alilikunjua taratibu. Halikupitishwa motoni. Lilikuwa bichi, na uti wake ulikuwa mwekundu kama fizi.

Bibi alitazama nje dirishani, kwenye kihamba chake, shamba la migomba la ukoo. Ana migomba arobaini na kitu, anaijua mmoja mmoja kama watoto wake, na wote majani yao yana uti wa kijani. Mgomba wa ndizi nyekundu hakupata kuupanda.

Lakini aliuona asubuhi ile ile. Upo nyuma ya choo cha shule, hatua kumi kutoka kwenye lile benchi.

Basi chupa ilifunguliwa uwanjani. Jani lake lilichanika, mtu akakata jingine. Si yeye. Lakini alikuwa bado ameshika jani lenye alama za ule mkunjo, na vidole vyake vilikuwa vimeshaelewa jambo ambalo moyo ulikataa kulisikia.

Saa nne na robo alimpigia daktari.

"Nilikudanganya, baba. Kuna vidonge vya presha, vya kukojoa. Vimepungua kumi na viwili."

Daktari alijibu haraka. "Ungeniambia saa mbili na nusu, bibi. Sasa nisikilize. Vyote kumi na viwili vimeingia kwake? Kwa siku ngapi? Na ni hivyo peke yake? Kama kulikuwa na dawa nyingine, hii ninayotaka kumpa inaweza kuusimamisha moyo. Nitafutie aliyeweka."

*

Saa tano kamili Koplo Fabian, aliyekwisha kuambiwa na daktari kuhusu vidonge, alikaa kwenye meza ya mwalimu, darasa la tatu. Wanawake watatu waliofika nyumbani kwa Bibi wiki hiyo walikuwa kwenye madawati, magoti yamewabana. Bibi alikaa karibu na mlango.

"Kwa nini ulinificha vile vidonge?" Koplo alimuuliza kwanza.

"Niliogopa."

"Uliogopa nini?"

"Wewe. Na kalamu yako."

Koplo akaiweka kalamu mezani. Akamgeukia Pamela.

"Unawapa hawa chai ya majani. Ina nini?"

"Tangawizi na mchaichai, afande. Sufuria moja, tunakunywa wote kumi na watatu, hata mimi. Mbona hatujaanguka?"

"Jumatano ulikwenda kwa bibi."

"Nilikwenda kumwomba apunguze mtori. Akanipa na mimi bakuli." Pamela akamtazama Bibi kwa aibu. "Nikalimaliza."

"Doris."

Doris alikuwa amezaliwa Mabogini, kwenye mashamba ya mpunga, akaolewa huku juu. Sauti yake ilitoka kali kuliko alivyotaka.

"Najua mtasema ni mimi. Nilimwambia Kindness wiki iliyopita, mbele za watu, ajitoe kama kula kumemshinda. Nilisema, sikatai."

"Jumanne ulikwenda nyumbani kwao."

"Kumwomba msamaha! Nilikaa sebuleni, nikambeba mtoto, nikaondoka."

"Leo umechelewa, wenzako wanakimbia. Umeonekana peke yako pale benchini umeshika chupa."

"Niliisogeza! Ilikuwa juu ya sweta langu." Machozi yakamtoka. "Afande, nina mtoto wa miezi sita. Nikifungwa atanyonya nini?"

Priska alikuwa dawati la nyuma, daftari la kilo mapajani. Alikuwa amepungua kilo kumi na tisa tangu ajifungue. Mifupa ya shingo ilionekana.

"Na wewe, nahodha?"

"Mimi huwa nasimama pembeni nahesabu mizunguko, afande. Sikuona kitu. Mama ni mtu mzima, anasahau. Tusimlaumu."

Alisema kwa upole kabisa.

Bibi akainuka, akatoa majani matatu ya mgomba, mabichi, aliyoyakata akija. "Koplo, naomba dakika tano. Kila mmoja anikunjie jani la kufunika chupa."

"Bibi, hatuko jikoni."

"Dakika tano, baba."

Pamela alilizungusha jani lake kama anayefunga karanga, likafunguka. Doris alilikunja mara nne kama chapati, akalibana kwa vidole, akaliachia, nalo likaruka wazi. "Sisi kwetu mtori tunaula kwenye bakuli," akasema akijifuta pua.

Priska alilitazama jani lake muda mrefu. Halafu akalikunja, uti nje, mara mbili, akaliweka dawatini. Likafunguka lenyewe polepole.

Bibi alisogea mpaka akafika dawati lile. Alitaka kugeuka arudi. Angeweza kurudi. Alimkumbuka Primus, kichwa kimelegea begani.

"Uti unakaa wapi, Priska?"

"Nimesahau, mama."

"Ulikuwa na miaka saba nilipokufundisha. Ulinikunjia majani ya msiba wa baba yako, mia na zaidi, macho yamefumba kwa kulia, na hukukosea hata moja. Hawa wawili wamekosea kwa sababu hawajui. Wewe umekosea kwa sababu unajua." Akaweka lile jani la uti mwekundu juu ya daftari. "Hili limekatwa hapa nyuma ya choo, likafunika chupa ya Kindness. Na ni mkono wangu kabisa. Marangu nzima, mkono huo nimempa mtu mmoja tu."

"Mama..."

"Jumatatu uliniletea dawa. Mwezi uliopita nilikuchekesha, nikakuambia vidonge hivi vimenipunguza kilo mbili kwa kukojoa tu. Sikuhesabu ulichonipa. Nani anamhesabia mwanawe?"

Priska akalisukuma jani pembeni.

"Sikutaka afe! Nilitaka akojoe tu, apungue, tushinde! Baba Tito, mume wangu, aliniambia nimekuwa gunia. Mbele ya mama yake, mama! Nimekimbia siku themanini na tatu. Picha yangu ingekaa mbele, Moshi nzima waione, naye aione. Halafu Kindness anakuja kila Jumamosi kilo zile zile, anacheka, chupa mkononi." Akamkazia mama yake macho mekundu. "Mimi nilipojifungua ulinipikia bakuli ngapi?"

"Nilikuwa nimelazwa."

"Ngapi?"

"Hata moja," Bibi alijibu. "Hilo ni deni langu, tutalisema siku nyingine. Sasa hivi wifi yako anakufa." Akatoa simu, daktari alikuwa anasikiliza tangu majani yalipogawiwa. Akaisogeza karibu na mdomo wa binti yake. "Vingapi? Lini? Na kingine nini?"

"Kumi na viwili," Priska alisema kwenye simu, sauti imekatika. "Vitatu vitatu, tangu Jumatano. Nilivisaga kwa chupa. Leo vilikuwa vya mwisho. Hakuna kingine, daktari. Naapa hakuna kingine."

"Nimeelewa," daktari akajibu, na simu ikakatwa.

Ilikuwa saa sita kasoro dakika nane. Koplo Fabian alichukua kalamu yake, akaishika tu bila kuandika. Priska alipopelekwa kwenye gari alishika mlango, akageuka kuelekea uzio wa nyumba ya jirani.

"Mama, nichumie isale. Umpelekee Kindness. Mwambie ni langu."

Bibi aliutazama uzio. Masale yalikuwa mengi, ya kijani kibichi, marefu. Wachagga wakikosana, anayeomba msamaha humpelekea mwenzake jani la isale, na ni vigumu mno kulikataa.

"La kwako utalichuma mwenyewe," alisema. "Ukitoka."

*

Saa kumi na moja jioni Kindness alifumbua macho. Primus alikuwa amelia kwa nguvu saa nzima, na manesi walikuwa wakimtafutia maziwa. Bibi hakuwahi kusikia kelele tamu kama ile. Daktari alisema moyo umetulia, ila usiku huu wasimwache peke yake.

Mkono wa Kindness ulipapasa blanketi, ukagusa kitu kirefu, laini, kimefungwa fundo moja katikati.

"Isale?" Sauti yake ilikuwa kama karatasi. "Ni la nani, mama?"

"Langu."

"Wewe umenikosea nini?"

Bibi Elisifa alivuta kiti karibu.

"Asubuhi daktari aliniuliza kama nyumbani kuna dawa," alisema. "Nikasema hakuna. Ngoja nikueleze kuanzia hapo."